Dari ya Pikapu

Tone la kwanza lilimwangukia Selina begani, juu ya gauni la rangi ya maziwa aliloshonewa kwa ajili ya harusi ya mtoto wa kaka yake. Hakushtuka. Alilifuta kwa kidole, akaendelea kuzungumza na mwenzake waliyebanana naye kwenye kebini ya ile pikapu kuukuu. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imewakuta njiani, na kijijini Mungaa hakuna anayeilalamikia mvua ya kwanza, hata ikimkuta kwenye nguo za sherehe. Lakini walipofika uwanja wa kanisa na Selina akashuka, watu wote walinyamaza. Maji mekundu yalikuwa yamemchuruzika toka begani hadi kiunoni. Alikuwa kama mtu aliyetoka kuchinja.

"Kumbe pikapu ya mzee Andrea inatokwa damu ya pua," kijana mmoja wa kwaya alisema, na watu wakacheka. Hawakucheka sana, maana walikuwa nje ya kanisa, lakini walicheka vya kutosha.

Andrea, mwenye pikapu, alivua kofia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nywele zilizoanza kuingia mvi, na siku zote alivaa shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. "Nisamehe, mama," alisema. "Ni kutu ya paa. Sikujua kama imefikia hapo." Akatoa pesa ya kukodi aliyokuwa amelipwa asubuhi, akaitoa yote, kwa mikono miwili. Selina aliipokea kwa ncha za vidole bila kumtazama usoni. Alikuwa na haki ya kukasirika, tuseme ukweli, lakini kuna namna ya kupokea pesa inayomvua mtu nguo mbele za watu, na ndiyo aliyoitumia.

Theodora, mke wa Andrea, alikuwa nyuma kwenye bodi, chini ya turubai, pamoja na akina mama wenye vigelegele. Alishuka, akaiona aibu ya mumewe, na ikamuuma. Hata hivyo hakwenda kwa mumewe wala kwa Selina. Alifungua mlango wa dereva, akainua macho kuangalia dari ya ndani.

Dari ile ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha rangi ya majivu. Upande wa abiria kilikuwa kimelowa, kimeanza kuning'inia. Upande wa dereva, juu kabisa ya kiti, palikuwa na doa la mviringo, jeusi kidogo, la mafuta ya nywele. Doa lilikuwa kavu bado. Unyevu ulikuwa umebakiza upana wa kiganja tu kulifikia.

Alifunga mlango polepole, akaenda kuwaimbia maharusi.

Doa lile lilikuwa la Hosea, mtoto wao wa kwanza. Hosea alikuwa mrefu, urefu alioutoa kwa wajomba zake, na aliiendesha pikapu ile tangu alipopata leseni. Nywele zake alizipaka mafuta mengi mno, na kwenye mashimo ya barabara kichwa chake kiligonga dari kila mara. "Mama, barabara hii inanifupisha," alikuwa akisema. "Siku moja nitarudi nyumbani nikiwa na kimo cha baba." Na baba mtu, aliyekuwa akiketi pembeni, alikuwa akijifanya hajasikia.

Hosea alifariki mwaka jana, baada ya mavuno ya alizeti. Homa ilimchukua kwa siku chache tu. Kilichofuata kilikwenda kama kinavyokwenda kwa watu wote. Siku ya kumaliza matanga, nguo za marehemu zilitolewa nje, zikatandazwa kwenye mkeka na kugawiwa. Koti lilikwenda kwa mjomba, viatu kwa mtoto wa baba mdogo, suruali kwa hawa na hawa. Hiyo ndiyo desturi, na ina maana yake, kwamba marehemu aende zake asiache kitu cha kumrudisha nyuma.

Theodora alificha shati moja chini ya godoro. Magreth, dada yake Andrea, ambaye ndiye aliyesimamia ugawaji, alihesabu mashati, akaingia chumbani, akatoka nalo. Aliliinua juu watu walione. "Wifi," alisema, "unataka mtoto asipumzike? Unamfunga kamba mguuni?" Theodora alipoanza kulia akakatazwa hilo nalo, akainamisha kichwa. Andrea alikuwa ameketi palepale, kwenye benchi la wanaume, na hakusema kitu. Shati likaenda kwa kijana wa Iglansoni ambaye Theodora hakuwahi kumwona tena.

Baada ya hapo jina nalo lilikwenda. Kwa miaka yote alikuwa Mama Hosea: kijijini, sokoni, kwenye jumuiya. Baada ya matanga watu wakaanza kumwita Mama Belinda, kwa mtoto wake wa pili anayesoma bweni Manyoni. Walifanya kwa huruma, wasimtoneshe kidonda. Hata Andrea alianza kumwita hivyo. Mara ya kwanza ulimi ulimkwama, mara ya pili ukazoea. Theodora aliitika, lakini kila alipoitika alijiona ni mtu wa kuazima.

Ndiyo maana lile doa lilikuwa mali yake. Halikugawiwa kwa sababu hakuna aliyelijua. Siku ambazo moyo ulimwelemea, alichukua ufagio akasema anakwenda kusafisha gari. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akainua mkono, akagusa pale. Mara nyingine alinusa vidole vyake. Harufu ilikuwa imebaki kidogo sana, lakini ilikuwepo.

Jioni ya siku ya harusi, walipokuwa wanakula, Andrea alisukuma sahani kando.

"Kesho napeleka gari Ikungi, kwa Shukuru," alisema. "Akate lile bati bovu, achomelee jipya. Leo nimeaibika vya kutosha."

"Tusubiri kidogo," Theodora alisema.

"Tusubiri nini? Mvua ndiyo hiyo imeanza. Nani atapanda gari linalotema maji mekundu? Na mizigo ya watu ya kupeleka mnadani nitaibeba na kichwa?"

"Basi apake lami juu. Watu wanapaka lami kwenye mabati ya nyumba."

"Hiyo ni nyumba, Mama Belinda. Kutu ukiifunika, inaendelea kula chini kwa chini. Unajifurahisha wewe, yenyewe inakula." Alimtazama mkewe. "Wewe hutaki gari litengenezwe?"

Angesema hapo. Maneno yalikuwa mafupi tu, hata mtoto angeyasema. Lakini aliliona shati likiinuliwa juu, akaliona benchi la wanaume, na Andrea akiwa kimya katikati yao. Akajiona mwendawazimu, mwanamke mzima anayelilia doa la mafuta. Halafu pia alijua jambo ambalo lilimkata maini kuliko yote: wasipotengeneza, mvua ingelifikia doa ndani ya wiki ile ile. Wakitengeneza, sijui. Pengine fundi angefanya kazi yake juu bila kugusa ndani.

"Nataka," alisema. "Tutakwenda wote. Nina kuku wa kupeleka mnadani."

Shukuru alikuwa fundi wa bodi, kijana wa Ikungi mwenye miwani myeusi ya kuchomelea aliyoisukuma juu ya paji la uso. Alimpa Andrea shikamoo, akampa Theodora shikamoo, akapanda kwenye tairi kuangalia paa. Aligonga kwa nyundo ndogo. Sehemu moja ililia kama bati, sehemu nyingine ilinyamaza, na nyundo ikatumbukia.

"Aisee, mzee, hii imeoza," alisema. "Lakini nashangaa. Kutu ya paa kwa kawaida huanzia kwenye kingo, pale kioo kinapokaa. Hii imeanzia katikati. Mlikuwa mnabeba nini hapa juu?"

Andrea aligeuka. Alitazama matenga ya kuku yaliyokuwa nyuma.

Theodora ndiye aliyejibu. "Kuku," alisema.

Biashara ya kuku wa kienyeji ilikuwa yake. Nyuma kwenye bodi palikuwa pa magunia ya vitunguu na alizeti ya watu, kwa hiyo matenga yake yalifungwa juu ya kebini. Jua la Singida halina mchezo, na kuku hufa kwa joto kabla hujafika sokoni. Basi yeye alitandika gunia juu ya paa, akalimwagia maji, akaweka tenga juu yake. Kuku wake walifika wazima, na akina mama wengine walimwonea wivu. Safari zote hizo, gunia bichi na mavi ya kuku vilikuwa vinalala juu ya bati.

"Hapo sasa," Shukuru alisema. "Maji yamekaa, mavi yamechoma rangi. Hakuna paa linalostahimili hiyo."

Hosea alikuwa amemwambia. Alimwambia huku akicheka, akifunga kamba: "Mama, unaniozeshea gari." Naye akamjibu, "Kuku hao ndio waliokulipia leseni, funga kamba unyamaze." Wakacheka wote wawili. Sasa Theodora alisimama pale gereji, akaelewa kwamba ni mkono wake mwenyewe uliomwaga yale maji yaliyokuwa yanalitafuta doa. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, lakini hawasemi ufanye nini ukikuta ni mkono wako.

"Nitakata hapa mpaka hapa," Shukuru alieleza, akichora kwa chaki. "Nachomelea bati jipya, napiga puti ya kusawazisha, nasugua msasa, napaka rangi ya msingi. Jioni mnaondoka. Dari ya ndani nitaitoa kwanza."

"Lazima uitoe?" Theodora aliuliza.

"Lazima, mama. Kile kitambaa kina sponji. Cheche moja tu ikiingia, tunaunguza gari zima na mimi ndani yake."

"Kitoe, kitupe," Andrea alisema haraka. Alikuwa amewapa mgongo. "Kimeshachakaa." Kisha akaondoka kwenda kununua bati, akitembea kwa haraka ambayo haikuwa na sababu.

Theodora alibaki na fundi. Alisogea karibu akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hicho kitambaa usikitupe. Niwekee."

"Cha nini mama? Kimeoza nusu."

Huyu alikuwa mtoto wa watu, mwenye adabu, asiyemjua Magreth wala shati. Angemwambia ukweli angeelewa. Lakini aibu ikishamzoea mtu, humjibia kabla hajafungua mdomo.

"Cha kutandikia kuku," Theodora alisema.

"Haya mama. Nitakuwekea."

Akashusha matenga yake, akaenda mnadani na moyo mwepesi kidogo. Alipanga vizuri kichwani. Akifika nyumbani angekata kile kipande cha doa kwa mkasi, kiasi cha sahani ndogo, akishonee kwenye pindo la ndani la kitenge chake. Kingine chote kuku wangelalia kweli, na asingekuwa amesema uongo mbele za Mungu. Mnada ulichangamka. Kuku wote waliondoka, hata yule jogoo mwenye jicho bovu, na mnunuzi mmoja alimtania, "Mama, leo umewauza kama unahama." Alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka mnadani tangu mwaka jana.

Aliporudi, jua lilikuwa limeshuka na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Dodoma. Pikapu ilisimama na paa jipya, lililopakwa rangi ya msingi nyekundu ya udongo. Andrea alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu, mikono katikati ya magoti. Kwenye uzio wa miti wa gereji kulikuwa kumeanikwa kitambaa cha rangi ya majivu. Kilikuwa safi.

"Mama, zawadi yako ile," Shukuru alisema, akipangusa mikono kwa furaha. "Nilipoitoa nikaona ina vumbi la kutu na upande mmoja umeganda mafuta. Nikasema hapana, kuku wa mama watapata ugonjwa bure. Nikabandua sponji, nikaifua kwa sabuni ya unga. Yale mafuta yalinisumbua kweli, nimesugua kwa brashi ya viatu mpaka yakakubali. Angalia mwenyewe."

Theodora aliangalia. Alikishika kitambaa kwa mikono miwili, akakigeuza upande huu na upande ule, akitafuta. Pale palipokuwa na doa palikuwa peupe kuliko sehemu nyingine zote. Alikipeleka puani. Kilinuka sabuni.

"Kimetakata?" kijana aliuliza.

Ungemwambia nini? Alikuwa amefanya wema wa ziada ambao hakulipwa, na alikuwa anasubiri asifiwe.

"Kimetakata, mwanangu," alisema Theodora. "Asante sana. Mungu akubariki."

Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, akapanda garini.

Waliondoka Ikungi. Dari ilikuwa bati tupu, na mistari ya kuchomelea ilionekana kama makovu. Shukuru alisema kitambaa kipya kingewekwa rangi ikishakauka vizuri, wakipata nafasi ya kwenda kwa fundi wa viti Singida Mjini. Theodora alikipakata kile cha zamani. Unyevu wake ulipenya kwenye kitenge ukamfikia mapajani.

Waliacha barabara kuu, wakaingia ya vumbi. Mvua ikaanza. Matone makubwa machache yaligonga juu, yakaacha, yakarudi na wenzake. Andrea aliinua macho.

"Halivuji," alisema.

"Halivuji," Theodora aliitikia.

Wakaenda tena kidogo.

"Kuku umewauza wote," Andrea alisema.

"Wote."

"Sasa hicho unawatandikia kuku gani?"

Theodora alikikunjua kitambaa kidogo, akakikunja tena. Aliangalia nje, kwenye mashamba yaliyotifuliwa yakisubiri mbegu. Andrea alipunguza mwendo, akaegesha pikapu pembeni mwa njia, lakini hakuzima injini. Alishika usukani kwa mikono yote miwili kama bado anaendesha.

"Nilimwona akilisugua," alisema. "Nilikuwa nimerudi na bati. Nilisimama pale nikamwona na brashi yake, na nilijua anasugua nini. Ningemzuia. Nilinyamaza."

Theodora alimgeukia polepole. "Ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa naendesha chini yake kila siku. Mimi kichwa changu hakifiki hata nusu ya pale. Kila nikiingia kwenye shimo naliona, nasema hapa angegonga, hapa angelalamika." Alipangusa kioo cha mbele kwa kiganja. "Nilichoka. Nilitaka kitambaa kitoke, nipumzike. Sikujua kama na wewe... Mbona hukusema?"

"Ningekuambiaje? Siku ya shati ulikuwepo."

Andrea aliinamisha kichwa.

"Nilikuwepo," alisema. "Ndiyo. Nilikuwepo nikanyamaza. Na leo tena."

Hapo ndipo mvua ilipoachia yote. Chini ya bati lisilo na kitambaa ilikuwa ni kishindo kitupu, wangeweza kupiga kelele wasisikizane. Theodora alifungua mdomo, akalia. Alilia kilio kile alichokatazwa siku ya kumaliza matanga, kilio cha sauti, cha tumbo, akiwa ameuzika uso kwenye kitambaa kinachonuka sabuni. Alimlilia mtoto na jina. Aliyalilia maji aliyoyamwaga mwenyewe juu ya lile paa. Hakuna jirani aliyesikia, hakuna wifi wa kumuuliza. Andrea naye alikuwa analia, ameegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yake madogo yakitikisika, na hakuna aliyemwona ila mkewe.

Juu yao paa lilishika vizuri. Kazi ya Shukuru ilikuwa nzuri.

Mvua ilipokuwa imepungua kidogo, Andrea alinyoosha mkono wake akaulaza juu ya kile kitambaa. Alisema kitu. Theodora aliona midomo ikicheza lakini hakusikia.

"Unasemaje?"

Andrea alikohoa. Akapaza sauti ishinde mvua. "Nimekuita, Mama Hosea."

Mwaka mzima hakuna aliyemwita hivyo. Alijifuta macho kwa kiganja, akaketi vizuri kwenye kiti.

"Abee," akaitika.